Kioo cha Hogan: Historia ya Dhana ya Bapa la Mzungusho katika Ufundishaji wa Gofu, 1904–2012

Utangulizi

Mchezaji wa gofu atumiaye mkono wa kulia anapojiandaa kupiga, kichwa cha fimbo yake hukaa chini nyuma ya mpira. Kisha hukipandisha hadi juu ya bega la kulia, hukirudisha chini kwa kasi, hugonga mpira, na kukiacha kipite mbele hadi juu ya bega la kushoto. Tukiufuata mwendo huo kwa macho tunaona umbo linalokaribia duara, nalo limelala kimshazari: halikusimama wima kama gurudumu la baiskeli, wala halikulala kama jiwe la kusagia. Uso bapa wa kufikirika ambao juu yake duara hilo limechorwa ndio unaoitwa katika makala haya bapa la mzungusho.

Neno bapa limeazimwa kutoka katika istilahi za jiometri. Kurasa za michezo za magazeti ya Kiswahili zimezoea kutaja mikwaju na mashimo, lakini hazijahitaji jina la dhana hii, kwa kuwa kazi yake ni kutoa matokeo na si kufundisha. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mfano wa karibu ni wa mtu anayefyeka nyasi kwa kwanja. Kwanja lake huzunguka kimshazari, na ukali wa mshazari huo hutegemea kimo chake, urefu wa mpini, na jinsi alivyoinama. Mwenye jembe, kwa upande mwingine, hupandisha na kushusha chombo chake karibu wima. Mcheza gofu yuko kati ya hao wawili, na kwa zaidi ya nusu karne walimu wake wamekuwa wakimwambia asogee kidogo upande mmoja au mwingine.

Agizo la "kurekebisha bapa" ni miongoni mwa maagizo yanayotolewa mara nyingi zaidi katika ufundishaji wa gofu. Swali linaloongoza makala haya ni la kihistoria: agizo hilo lilitoka wapi, na kitu gani hasa kilikuwa kikirekebishwa? Inahojiwa kwamba bapa lililofundishwa katika karne ya 20 halikuwa kitu kimoja. Maana yake ilibadilika kila mara chombo cha kuuona mwili kilipobadilika, kuanzia mpini na kamera hadi mchoro, video na rada. Aidha, inahojiwa kwamba picha iliyoieneza dhana hii duniani ilikuwa nusu tu ya maelezo ya mtu aliyeitoa, na kwamba kupotea kwa nusu ya pili kuliwagharimu wanafunzi wengi. Uchunguzi umejikita Uingereza na Marekani, kwa sababu huko ndiko vitabu vilivyoiunda dhana hii vilikoandikwa na kusomwa kwanza.

Mpini wa mti na mpini wa chuma

Hadi miaka ya 1920 mipini ya fimbo za gofu ilitengenezwa kwa mti wa hikori kutoka Amerika ya Kaskazini. Hikori ni mti mgumu wenye kunepa, lakini una tabia moja iliyoamua namna ya kucheza: hujisokota. Mchezaji akiishusha fimbo kwa nguvu, kichwa cha fimbo hubaki nyuma na uso wake hufunguka, naye hulazimika kuurudisha kwa kuviviringisha vifundo vya mikono kabla ya kugusa mpira. Mafundi wa zamani wa St Andrews huko Scotland walitumia fimbo ndefu na kuzizungusha karibu na kiuno, katika bapa lililolala sana. Harry Vardon wa Jersey, aliyeshinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914, aliupandisha mzungusho wake juu zaidi kuliko waliomtangulia, na wengi wakamwiga.

Mwaka 1904 George Beldam alichapisha Great Golfers: Their Methods at a Glance, kitabu kilichojaa picha za wachezaji maarufu wakiwa katikati ya kupiga. Umuhimu wake kwa historia hii haukutokana na nadharia yoyote kuhusu bapa. Kitabu hicho kiliwazoesha wasomaji kuuona mzungusho kama mfululizo wa mikao iliyogandishwa. Kabla ya hapo mwanafunzi alijifunza kwa kumwangalia mtu anayetembea, anayepumua na kupiga. Sasa angeweza kukaa mezani na kuuliza kiwiko kilikuwa wapi. Swali la bapa ni tawi la swali hilo la kiwiko.

Lakini swali lisingepata jibu la kiutendaji bila mabadiliko ya mpini. Chama cha gofu cha Marekani kiliruhusu mipini ya chuma cha pua mwaka 1924, na Royal and Ancient ya St Andrews ikafuata mwaka 1929. Chuma cha pua hakijisokoti kama hikori. Mikono haikulazimika tena kuokoa uso wa fimbo katika sehemu ndogo ya sekunde, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kumtaka mchezaji aipitishe fimbo katika njia ileile kila anapopiga. Watafiti wa mchezo huu hupenda kuiweka dhana ya bapa katika historia ya mawazo. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mahali pake pa kwanza ni katika historia ya vifaa. Kumwambia mchezaji wa hikori adumu katika bapa moja kungekuwa kumwomba jambo ambalo mpini wake haukulitii.

Haikuwa lazima, hata hivyo, kwamba chuma kizae jiometri. Ernest Jones, Mwingereza aliyepoteza mguu wa kulia chini ya goti katika Vita Vikuu vya Kwanza na bado akaendelea kucheza vizuri, alihitimisha kinyume kabisa. Ikiwa mtu mwenye mguu mmoja anaweza kuupiga mpira sawasawa, basi hesabu ya viungo haina maana. Kinachohitajika ni kuhisi kichwa cha fimbo kikibembea. Alifundisha Marekani kwa miaka mingi akiwaonyesha wanafunzi kisu cha mfukoni kilichofungwa kwenye kona ya leso. Percy Boomer, aliyefundisha karibu na Paris, alizungumzia mtu anayegeuka ndani ya pipa. Leso na pipa ni taswira za hisia: humwambia mwanafunzi atahisi nini, na hazimpimi. Taswira iliyozishinda zote mbili ilikuwa ya namna nyingine.

Kioo

Ben Hogan alizaliwa Texas mwaka 1912. Baba yake, mhunzi, alijiua mwaka 1922, na mtoto akaanza kutafuta senti kwa kuuza magazeti na baadaye kwa kubeba mikoba ya wachezaji katika klabu ya Glen Garden mjini Fort Worth. Byron Nelson, wa umri wake, alibeba mikoba hapohapo. Hogan aliingia katika gofu ya kulipwa mwaka 1930, lakini alisubiri hadi 1940 kupata ushindi wake wa kwanza wa peke yake. Kilichomchelewesha kilikuwa ugonjwa mmoja: mpira wake uliondoka kwa nguvu kisha ukapinda kushoto na kukimbia ardhini pasipozuilika. Wachezaji hodari huuogopa mpira huo kuliko mwingine wowote, kwa sababu haudokezi utasimama wapi.

Inafaa kulisisitiza jambo hili kwa kuwa wasomaji wa Hogan wamelisahau. Kila alichokiandika baadaye kilikuwa tiba ya mtu ambaye mpira wake ulipinda kushoto. Mchezaji wa kawaida wa mwisho wa wiki huugua kinyume chake: mpira wake hupinda kulia.

Mnamo Februari 2, 1949, basi liligongana na gari la Hogan katika barabara ya Texas, na madaktari walitilia shaka kama angetembea tena. Mwezi Juni 1950 alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani huko Merion, na mwaka 1953 alishinda mashindano matatu makuu. Kwa hiyo alipokubali kueleza mbinu zake, hakusomwa kama mwalimu miongoni mwa walimu. Kuanzia Machi 1957 jarida la Sports Illustrated lilitoa masomo yake matano, yaliyoandikwa kwa ushirikiano na Herbert Warren Wind na kuchorwa na Anthony Ravielli. Mwaka huohuo masomo hayo yalitoka kama kitabu, Five Lessons: The Modern Fundamentals of Golf.

Katika somo la tatu, linalohusu safari ya fimbo kupanda, kimo kile cha kioo. Hogan amechorwa akiwa amesimama mbele ya mpira, na kioo kikubwa cha dirisha kimeegemea mabega yake kikiinamia hadi kwenye mpira. Kichwa chake kimechomoza katika tundu lililokatwa juu. Mwanafunzi anatakiwa kuipandisha mikono yake sambamba na kioo, chini yake kidogo tu. Akiinua mikono kupita kiasi, kioo kinavunjika. Mwinamo wa kioo, kwa mujibu wa Hogan, si uleule kwa watu wote: hutokana na kimo cha mtu na umbali anaosimama kutoka kwenye mpira.

Katika somo la nne, linalohusu safari ya kushuka, Hogan anasema jambo ambalo wengi waliokiona kioo hawakulifikia. Bapa la kushuka si bapa la kupanda. Limelala zaidi, na halielekei shabaha moja kwa moja bali linaelekea kulia kwake kidogo. Mchezaji anapoanza kushuka kwa kuzungusha nyonga, huhama kutoka bapa moja hadi jingine, na Hogan aliona katika kuhama huko msaada mkubwa kwa upigaji. Kwa maneno mengine, mwandishi anayetajwa kama baba wa bapa moja alifundisha mabapa mawili.

Kwa nini la pili lilipotea? Jibu la kwanza ni la mchoro wenyewe. Kioo cha dirisha ni kitu cha nyumbani. Msomaji hahitaji elimu yoyote kujua kwamba kikipigwa kitavunjika, na anaweza kukivaa shingoni kimawazo akiwa amesimama sebuleni. Mabapa mawili yanayokatana kwa pembe ndogo hayavaliki. Jibu la pili linahusu mkono wa Ravielli. Alikuwa amekwisha kuandika na kuchora kitabu kuhusu mwili wa binadamu kwa ajili ya vijana, na michoro yake ya Hogan, iliyokwaruzwa kwa mistari myembamba myeupe juu ya weusi, inafanana na kurasa za kitabu cha anatomia. Msomaji wa 1957 aliyekuwa akiambiwa kila siku kuhusu sayansi aliiona kama ushahidi. Kwa hakika ilikuwa sitiari iliyochorwa vizuri sana.

Jibu la tatu ni la mpangilio: somo la kupanda hutangulia lile la kushuka, na mtu huweza kulifanyia mazoezi polepole mbele ya kioo cha kabati. Kushuka hakufanyiki polepole. Walimu walichukua sehemu inayofundishika wakaifanya kuwa sehemu iliyo muhimu.

Wakati huohuo, ushahidi wa uwanjani haukuwa upande wa sheria moja. Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makuu 18 kati ya 1962 na 1986, aliipandisha mikono yake juu sana, kiwiko cha kulia kikiachana na ubavu. Angevivunja vioo vingi. Lee Trevino alizunguka karibu na kiuno, na alimshinda Nicklaus zaidi ya mara moja. Walimu waliwaita watu wa kipekee. Jina hilo lilihifadhi kanuni bila kueleza chochote, na linastahili kutiliwa shaka kila linapotokea katika historia ya ufundi.

Wahandisi na wanafizikia

Mwaka 1968 Alastair Cochran, mwanafizikia, na John Stobbs, mwandishi wa gofu, walitoa Search for the Perfect Swing, matokeo ya utafiti uliogharimiwa na Golf Society of Great Britain. Waliuchukulia mzungusho kama pendulamu yenye vipande viwili: kimoja ni mikono inayozunguka kitovu kilicho juu ya kifua, cha pili ni fimbo inayoning'inia kwenye vifundo. Pendulamu hiyo huzunguka katika bapa lililoinama. Katika kitabu chao bapa ni sehemu ya modeli, yaani kitu kinachorahisisha hesabu, na hawakumwamuru mtu aliingie. Tofauti hiyo kati ya modeli na amri haikudumu ilipofika kwenye viwanja vya mazoezi.

Mwaka uliofuata Homer Kelley, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Boeing mjini Seattle, alichapisha mwenyewe The Golfing Machine. Ni kitabu kigumu; kinaorodhesha vipengele 24 vya mpigo, kila kimoja kikiwa na namna zake kadhaa. Lakini kuhusu bapa Kelley alikuwa wazi kuliko wote waliomtangulia. Kwanza, alilihamisha bapa kutoka mabegani hadi kwenye mpini: fimbo iko katika bapa lake ikiwa ncha yake iliyo karibu zaidi na ardhi inaelekeza kwenye mstari wa shabaha, au fimbo ikiwa sambamba na mstari huo. Pili, alitaja mabapa kadhaa kwa viungo ambavyo kila moja hupitia, kama vile kiwiko au bega, akaruhusu mchezaji kuhama kutoka moja hadi jingine. Swali la "bapa sahihi" likageuka kuwa swali la "bapa lipi, na wakati gani".

Bobby Clampett, mfuasi kijana wa mfumo huo, aliongoza Mashindano ya Wazi ya Uingereza ya 1982 huko Royal Troon kwa mikwaju 5 baada ya siku mbili. Siku mbili zilizofuata alirudisha mikwaju 78 na 77, na Tom Watson akachukua kombe. Waliomcheka Kelley walifurahi, ingawa raundi mbili mbaya za kijana wa miaka 22 haziwezi kuthibitisha wala kukanusha jiometri ya mtu.

Miaka miwili ya Nick Faldo

Mfano ulio tajiri zaidi wa mchezaji aliyelirekebisha bapa lake kwa makusudi ni wa Nick Faldo, nao unaanzia kwenye runinga. Faldo, Mwingereza aliyezaliwa 1957, aliamua kujaribu gofu baada ya kumwona Nicklaus katika matangazo ya Masters ya 1971. Alikuwa mrefu na mwenye mdundo mzuri, na mzungusho aliouendeleza ulikuwa mrefu na uliosimama juu. Mwaka 1983 alishinda mara 5 katika mashindano ya kulipwa ya Ulaya na kuongoza orodha ya mapato. Kwa kipimo chochote cha kawaida hakuwa na ugonjwa.

Hata hivyo, alipofikia saa za mwisho za mashindano makuu mzungusho ule haukumtumikia. Magazeti ya Uingereza yalimwonyesha hilo bila huruma. Mwishoni mwa 1984, huko Sun City, alizungumza na David Leadbetter, mwalimu aliyezaliwa Uingereza na kukulia Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1985 alimkabidhi mzungusho wake wote. Walilaza bapa, walipunguza mwendo wa miguu, wakafunga uhusiano kati ya mikono na kifua ili mwili mkubwa uiongoze fimbo. Kwa takribani miaka miwili Faldo alipiga mipira mpaka mikono ikavimba, akashuka katika orodha, na akasomwa kama mtu aliyekiharibu kipaji chake mwenyewe.

Julai 1987, huko Muirfield, katika ukungu na upepo, alicheza raundi ya mwisho ya Mashindano ya Wazi ya Uingereza kwa kumaliza kila moja ya mashimo 18 kwa idadi ya mikwaju iliyokadiriwa, bila kuzidisha wala kupunguza hata mmoja, akashinda kwa tofauti ya mkwaju 1. Ushindi mkuu mwingine mara 5 ulifuata hadi 1996. Leadbetter akawa mwalimu mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake, na wazo kwamba mtu mzima mwenye mafanikio anaweza kuuvunja mzungusho wake na kuujenga upya likakubalika.

Mwanahistoria anapaswa kuwa mwangalifu hapa. Je, bapa lililolala ndilo lililoshinda Muirfield? Vitu vingi vilibadilishwa pamoja, na miaka miwili ya kupiga mipira kwa nidhamu ile ingemfaa mchezaji yeyote. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba Faldo alianza kwa kumwiga Nicklaus aliyemwona kwenye kioo cha runinga, kisha akalipia kwa miaka miwili kuacha kile alichokiiga; na kwamba mfano uleule wa Nicklaus uliokuwa mbaya kwake ulikuwa umemfaa Nicklaus vema kabisa. Walioisoma habari ya Faldo walichukua sehemu ya kwanza, kwamba bapa hurekebishwa, na hawakuuliza mtu wa kimo kipi, mwenye kosa lipi, na kwa muda gani.

Miaka hiyohiyo kamera za video zilishuka bei, na mwalimu wa kawaida akapata uwezo wa kumpiga picha mwanafunzi kutoka nyuma, kuigandisha na kuichora mstari kutoka kwenye mpini. Mstari juu ya kioo cha runinga una mamlaka kubwa, kwa kuwa haubishani. Lakini kamera ikisogezwa hatua moja pembeni, au ikiinuliwa kutoka usawa wa nyonga hadi usawa wa macho, bapa lilelile huonekana limesimama zaidi au limelala zaidi. Wanafunzi wengi wamelipia marekebisho ya kosa lililokuwa la kamera. Pia mstari uliochorwa kwa fimbo moja ulitumiwa kuihukumu nyingine, ingawa fimbo ndefu ya kuanzia, yenye urefu wa takribani inchi 45 na mpini uliolala, haiwezi kuzunguka katika bapa la fimbo fupi ya inchi 35 ambayo mpini wake umesimama zaidi.

Jim Furyk alikulia chini ya mwalimu mmoja, baba yake, ambaye alikuwa mchezaji wa kulipwa na hakumzuia kuipandisha fimbo karibu wima na kuidondosha chini kwa kitanzi kikubwa kabla ya kugonga. Kwa mstari wa runinga, safari yake ya kupanda ni kosa tupu. Furyk alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka 2003 huko Olympia Fields, na Agosti 2016 akawa wa kwanza katika mashindano ya PGA Tour kumaliza raundi kwa mikwaju 58. Ukimtazama katika nusu ya mwisho ya safari ya kushuka, fimbo yake iko mahali palepale ilipo fimbo ya Hogan.

Rada na bapa la chini

Kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanzishwa 2003, ilileta rada inayoufuata mpira na kichwa cha fimbo. Vipimo vyake viliwalazimisha walimu kuacha imani ya miaka mingi kwamba mpira huanza safari yake kuelekea ulikopita mzungusho. Kwa sehemu kubwa huanza kuelekea uso wa fimbo ulikotazama. Njia ya fimbo, ikilinganishwa na uso huo, ndiyo inayoamua kupinda. Theodore Jorgensen, mwanafizikia wa Nebraska, alikuwa ameeleza jiometri ya jambo hilo katika The Physics of Golf mwaka 1994, lakini wasomaji wake walikuwa wachache. Athari kwa historia yetu ni ya moja kwa moja: mwanafunzi ambaye mpira wake ulipinda kulia, akapelekwa moja kwa moja kwenye marekebisho ya bapa, huenda alihitaji kwanza kubadilisha jinsi alivyoishika fimbo.

Wataalamu wa biomekanika nao walirudi kwenye swali la msingi, yaani kama bapa lipo kweli. Simon Coleman na wenzake, katika tafiti za 2005 na 2007, walionyesha kwamba mwendo wa mkono wa kushoto na wa fimbo katika safari ya kushuka haukai katika bapa moja thabiti. Mwaka 2012 Young-Hoo Kwon na wenzake walilipima jambo hilo kwa njia nyingine. Badala ya kuuliza kama mzungusho mzima uko katika bapa, walichukua kipande cha chini tu, kuanzia katikati ya safari ya kushuka hadi katikati ya safari ya kupita mbele. Hapo kichwa cha fimbo kilifuata bapa kwa ukaribu mkubwa. Viungo vya juu vilikuwa na mabapa yake, ambayo hayakuwa sambamba na lile la kichwa cha fimbo.

Matokeo haya yanakipa kioo cha 1957 nafasi tofauti na ile iliyozoeleka. Kioo kile kiliegemea mabega, kikapima safari ya kupanda. Bapa lililothibitishwa ni la kichwa cha fimbo, na liko katika sehemu ya chini ya safari ya kushuka na kupita mbele. Aliyekaribia zaidi ni Hogan wa somo la nne, aliyesema kwamba kinachoshuka hakipiti njia ya kilichopanda. Furyk si wa kipekee tena kwa kipimo hiki: kitanzi chake chote kiko nje ya eneo linalopimwa.

Uchunguzi wa 2012 una mpaka mmoja ambao walimu walioupokea kwa shangwe hawakuutaja sana. Waliopimwa walikuwa wanaume 14, wote wachezaji stadi ambao hupiga karibu na idadi iliyokadiriwa ya mikwaju au chini yake. Mwanamke anayeanza kucheza akiwa na miaka 50, au mzee ambaye uti wake wa mgongo haugeuki tena, hakuwamo katika maabara ile, ingawa ndiye anayejaza viwanja vya mazoezi na ndiye anayelipa ada ya somo la bapa.